Sufuria la Uji la Jumapili Usiku

(Mazungumzo ya redio ya juma lililopita, kama yalivyosomwa hewani)

Wengi mlioleta maoni mmetaka niendelee na habari ya foleni za mabasi. Nitairudia, nawaahidi. Leo niruhusuni nizungumze habari ya uji. Naam, uji, tena uji wa dona unaopikwa kwenye sufuria kubwa. Kama unadhani jambo hili ni dogo mno kwa mtu aliyepewa robo saa ya redio, hata mimi nilidhani hivyo, hadi asubuhi ile niliyopigiwa simu na mwalimu wa mwanangu.

Ilikuwa saa mbili na nusu. Nilikuwa chumba cha habari nikikimbizana na taarifa ya saa tatu. Mwalimu akanena kwa upole: "Mzazi, kijana wako ameanguka mstarini. Sasa yuko macho, tumempa maji ya sukari, usiwe na wasiwasi. Ila nataka nikuulize, asubuhi amekula nini?"

Nikajibu upesi, "Amekunywa chai, mwalimu."

"Chai na nini?"

Hapo nikanyamaza. Sikuwa najua.

Msikilizaji, kazi yangu kwa zaidi ya miaka ishirini ni kuuliza maswali. Nimewauliza wakubwa maswali yaliyowatoa jasho. Siku ile nikaulizwa swali jepesi kuliko yote niliyowahi kuuliza mimi, nikakosa jibu.

Nieleze hali ya nyumbani ilivyokuwa. Mke wangu alikuwa amekwenda Tanga kumuuguza mama yake, na juma la tatu lilikuwa linakwisha. Yeye akiwapo, huamka saa kumi alfajiri. Mimi humsikia kwa mbali, mlio wa kiberiti, mlio wa sufuria, halafu hujigeuza upande wa pili nikaendelea na usingizi. Nikiamka mimi, watoto wamekwisha kula na wamekwisha kuondoka. Kwa hiyo nilipoachiwa nyumba nikaona njia ni nyepesi: kila mtoto mkononi nikampa hela ya andazi, nikajihesabu nimemaliza. Nilichosahau ni saa. Mama anayekaanga maandazi pale njia panda huteleka karai lake saa kumi na mbili. Kijana wangu, ili awahi daladala, huondoka saa kumi na moja na nusu. Hela alikuwa nayo, andazi halikuwapo. Mapumziko yakifika hela ile ilinunua barafu na kashata. Majuma matatu mtoto wa darasa la sita alikuwa akisoma hesabu kwa chai ya rangi.

Nilimpeleka hospitali. Malaria hana. Daktari akasema damu imepungua kidogo, si ya kutisha, akaandika dawa ya kuongeza damu, kisha akauliza swali lile lile la mwalimu. Safari hii nilikuwa na jibu, na sikulipenda.

Jioni nikapita gengeni kwa jirani yetu, mama mmoja aliyelea watoto wanne peke yake huku akifungua genge kabla ya jua. Nikamweleza. Akanitazama kwa muda, akasema, "Shemeji, mimi sina mtu wa kuniamkia saa kumi. Jumapili usiku napika sufuria. Jumatano usiku napika jingine. Basi."

Ndiyo elimu yote hiyo. Lakini kati ya kuisikia na kuiweza kuna safari, na mimi safari yangu ilipita kwenye madonge.

Kwanza ni habari ya unga wenyewe. Jirani alisema uwe wa dona. Nami nakiri kwamba neno dona liliniletea kumbukumbu mbaya. Sisi tuliosoma shule za bweni miaka ya 1990 tunamkumbuka mpishi aliyesimama juu ya tofali akikoroga pipa kwa mwiko mrefu kama kafi la ngalawa. Uji ule ulikuwa na moshi, ulikuwa na mawe madogo, na msimu mwingine ulikuwa na wadudu, ambao tuliwaita kitoweo. Mtu akitoka shule hiyo, au jeshini, au gerezani, anaapa kwamba nyumbani kwake dona haitaingia. Tukumbuke pia wazee wetu. Walipopanga foleni wakati wa shida wakapewa unga wa mahindi ya njano, wakaubatiza unga wa Yanga. Sembe nyeupe ilipopatikana tena, weupe wake ukawa ndiyo dalili kwamba mambo yametengemaa. Mgeni akija umpikie ugali wa dona? Aibu!

Sasa tazama tunachokifanya. Punje ya mahindi ina ganda lake la nje, ina kiini chake pale chini panapoota, na iliyobaki ni wanga. Tukikoboa, tunaondoa ganda na kiini, yaani mahali penye sehemu kubwa ya madini ya chuma na zinki, vitamini za kundi B, mafuta na ufumwele. Tunabaki na wanga. Tena tunalipa mara mbili, fedha ya kukoboa na fedha ya kusaga. Nilipeleka mashineni kilo kumi za mahindi nikataka zikobolewe, nione kwa macho yangu. Zikarudi kilo saba na kidogo za sembe, na mfuko wa pumba. Kijana wa mashine akauliza kwa adabu kama pumba naziacha, maana ana mteja wa kuku. Kuku hao, nakuhakikishia, hawaanguki mstarini.

Hapa nipenyeze kisa kidogo. Katika duka kubwa la mjini nimeona kopo la shayiri ile ya Ulaya waiitayo oti, na kwa bei ya kopo lile ningenunua dona ya juma zima. Mwingereza Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake mwaka 1755, aliwatania Waskoti humo kwa kula nafaka ya farasi. Waskoti hawakujali, wakaendelea kupika uji wao. Leo nafaka ile ya farasi inapanda meli hadi Dar es Salaam, nasi tunainunua kwa sababu daktari ametuambia tule nafaka isiyokobolewa, na njiani kurudi nyumbani tunapita mashineni kulipa mahindi yetu yakobolewe. Sina ugomvi na oti, ni chakula kizuri. Nashangaa tu.

Haya, nikanunua dona. Jumapili ya kwanza nikachemsha maji yakatokota, nikamimina unga mkavu ndani kama mtu anayesonga ugali. Diploma yangu ya uandishi wa habari haikuwa na somo la kukoroga. Nikapata mawe ya unga yaliyopikwa nje na mabichi ndani. Jirani alipokuja kutazama akasema, "Shemeji, hapa unapika uji au unatafuta gundi ya tiara?"

Akanionyesha. Nyumbani kwangu tupo watu sita, na kila mmoja hunywa vikombe viwili. Kwa siku tatu, Jumatatu hadi Jumatano, inatakiwa kama lita kumi, kwa hiyo sufuria liwe la lita kumi na mbili ili lisifurike. Chemsha lita saba na nusu za maji. Pembeni, katika ndoo safi, vuruga kilo moja na kikombe kimoja cha dona kwa lita mbili na nusu za maji baridi, hadi usione donge hata moja. Maji ya jikoni yakitokota, mimina vurugo lako polepole kwa mkono mmoja, mkono wa pili usiache mwiko. Ukishachemka punguza moto, uache uendelee taratibu kwa nusu saa, ukikwangua chini usiungue. Dona haitaki haraka. Sembe huiva upesi, lakini pumba zinahitaji muda zilainike; ukiepua mapema utausikia mchanga mdomoni na watoto watakurudishia kikombe. Chumvi kidogo, basi. Sukari, maziwa, karanga, vyote hivyo visubiri kikombeni.

Jumapili ya pili uji ukanitoka vizuri ajabu. Nikafunika sufuria, nikaliacha juu ya jiko, nikaenda kulala nimeridhika kama mwenye nyumba ya ghorofa. Alfajiri nikafunua. Ulikuwa unatoa povu, na harufu yake sikuitambua. Lita kumi za uji zikaenda chooni, na watoto wakaenda shule na chai. Nilikasirika kwa siku nzima, tena si juu ya mtu mwingine.

Nakaa sana hapa, msikilizaji, kwa sababu hapa ndipo sufuria kubwa linapoweza kuidhuru nyumba badala ya kuifaa. Mtu hudhani kilichochemka kimekwisha kuwa salama. Sivyo. Wako vijidudu ambao mbegu zao hustahimili mchemko, na wanachokipenda ni chakula cha wanga kilichokaa vuguvugu. Sufuria la lita kumi, limefunikwa, katika joto la Dar es Salaam, hubaki vuguvugu hadi alfajiri. Shirika la Afya Duniani huagiza kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa mbili. Kwa hiyo ukiepua tu, ugawe uji katika vyombo vidogo vya lita mbili au tatu, uvikalishe ndani ya beseni la maji baridi, uvikoroge, ubadilishe maji yakipata moto. Ukishapoa, funika, weka kwenye friji. Asubuhi toa chombo kimoja tu, ongeza maji kidogo kwa kuwa dona huganda, uchemshe utokote kabisa. Uliobaki mezani haurudi kwenye friji. Mwisho wake ni siku ya tatu.

Nawasikia mnaosema, mwenzetu unazungumza habari ya friji! Ni kweli, si kila nyumba inayo, na yenye nayo haina umeme kila saa. Jirani yangu hana friji. Jumapili yake ni ya kusaga na kuandaa, na siku za kazi hufanya hivi. Saa nne za usiku, akifunga hesabu za genge, anapika uji wa kesho tu. Anasuuza chupa ya chai kwa maji yanayotokota, anaijaza uji ukiwa wa moto kabisa hadi juu, anaifunga. Saa kumi na moja alfajiri uji ule bado unaunguza ulimi. Ukiikuta chupa yako imekuletea uji wa vuguvugu, ujue chupa imekufa. Uji huo mwaga, wala chupa usiitegemee tena.

Njia nyingine ni ya bibi zetu. Vuruga unga na maji, ufunike, uuache siku moja au mbili uchachuke, kisha upike kiasi unachotaka. Uchachu unawazuia vijidudu wengi wasistawi, na uji unakuwa na ladha ambayo mtu aliyeizoea hataki mwingine. Huo ni uchachu wa kukusudia, kabla ya kupika. Ule wangu wa Jumapili ya pili ulikuwa ajali, usichanganye mambo hayo mawili.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wanaosifia dona huwa hawalisemi. Kuvu inayoota kwenye mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu hutoa sumu, na sumu hiyo, tunayoiita sumukuvu, haiondoki kwa kupika wala kwa kuchachusha. Nchini Kenya mwaka 2004 watu 317 waliugua kwa mahindi ya namna hiyo, na 125 kati yao wakafa. Kwetu, mwaka 2016, mikoa ya Dodoma na Manyara ilizika watu wapatao 20. Sehemu kubwa ya sumu hiyo hukaa katika ganda na kiini, yaani katika vitu vile vile ambavyo dona inavibakiza. Kwa hiyo anayekula dona anapaswa kuwa mkali wa mahindi kuliko anayekula sembe. Mimi sasa sinunui unga wa kupimiwa nisioujua. Nanunua mahindi, yawe makavu ya kulia yakimwagwa kwenye ungo, tunakaa barazani na watoto tunachambua. Punje iliyovunjika, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, yenye tundu la mdudu, nje. Wala usiwape kuku punje hizo, nao zinawadhuru, na mayai yao unayala wewe. Saga kidogo kidogo, unga wa majuma mawili hivi, kwa kuwa kiini kina mafuta na dona ikikaa sana huwa na uchungu.

Na hapa nina neno juu ya huu unaoitwa unga wa lishe. Siku hizi kila duka lina mfuko wenye picha ya mtoto mnene na orodha ya vitu kumi: mahindi, ulezi, mchele, ngano, soya, karanga, maharage na kadhalika. Mtu anaona kadiri orodha inavyorefuka ndivyo mtoto atakavyonenepa. Lakini karanga nazo ni kipenzi cha ile kuvu, na zikisagwa zikakaa huchacha upesi. Soya na maharage huhitaji kuandaliwa na kuiva zaidi ya nafaka. Ukivisaga pamoja huwezi tena kujua kipi kilikuwa kizima na kipi kibovu. Pika nafaka yako moja au mbili, dona na ulezi vinapatana sana, halafu karanga zichambue, uzikaange, uzitwange siku hiyo hiyo, uzitie unapochemsha uji wa asubuhi. Ndizi imenye pembeni.

Kuhusu damu, daktari alinipa siri ndogo. Chuma kilichomo katika nafaka isiyokobolewa kimeshikamana na vitu vinavyokizuia kisiingie mwilini kwa urahisi, na chai ukiinywa papo hapo inazidi kukizuia. Chungwa, au ndimu iliyokamuliwa kikombeni, au kijiko cha unga wa ubuyu uliokorogwa uji ukishapoa kiasi, husaidia chuma kipite. Kwa hiyo chai ya kijana wangu imehamia jioni. Alinuna siku mbili.

Mwenye mtoto mdogo anajua shida nyingine, kwamba uji mzito hawezi kumeza, na mwepesi ni maji matupu, tumbo linajaa kabla hajapata kitu. Taasisi yetu ya Chakula na Lishe iliifanyia kazi habari hii tangu miaka ya 1980, na jibu lilikuwa nyumbani kwa bibi siku zote: kimea. Ulezi ulioloweshwa, ukachipua, ukaanikwa na kusagwa. Kijiko kimoja kikitiwa katika uji mzito uliopoa kidogo, uji unalainika mbele ya macho yako, bila kuongeza maji. Uchemshe tena baada ya hapo, maana kimea kibichi si kisafi, ndipo umpe. Nilipokifanya mara ya kwanza nilidhani nimeuharibu uji.

Hesabu za mfukoni sitazipigia kelele. Nitasema tu kwamba hela za maandazi ya watoto wanne kwa siku tano zinanunua mahindi, kusaga, mkaa na karanga, na chenji inabaki. Mkaa wenyewe unapungua, kwa sababu jiko linawashwa usiku mara mbili kwa juma, na asubuhi ni kupasha tu.

Lakini kilichonigusa si hela. Jumapili ya nne kijana wangu, yule yule aliyeanguka, alichukua mwiko mkononi mwangu akasema, "Baba, unakoroga katikati tu, pembeni kunashika." Nikamwachia. Tulikaa jikoni saa nzima tukisubiri uji uive na upoe, na nikasikia habari za shule yake ambazo kwa mwaka mzima sikuwahi kuzisikia. Kumbe wako wenzake wengi wanaokwenda na chai ya rangi. Kumbe aliyemshika asigonge kichwa siku ile ni mtoto ambaye nyumbani kwao hata hiyo chai hakuna. Nimekwisha kumwomba mwenyekiti wa kamati ya shule nafasi katika kikao cha wazazi mwezi ujao. Tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, uji wa shule hutegemea makubaliano ya wazazi wenyewe, na kwetu makubaliano hayo yamekwama kwenye ajenda. Nitakwenda na daftari la hesabu, na nitakwenda na sufuria.

Mke wangu alirejea juma la tano, mgonjwa akiwa na nafuu. Alifika Jumapili usiku, akalala kwa uchovu wa safari. Saa kumi alfajiri mazoea yakamwamsha, nikamsikia anapapasa kandambili zake gizani. Nikamwambia alale. Hakulala. Alikwenda jikoni akakaa kwenye kigoda, akafungua friji, akatazama vyombo vilivyopangwa, akafunga. Saa kumi na moja mtoto akaingia, akamwamkia, akatoa chombo kimoja, akatia maji kidogo, akawasha jiko. Mama mtu akanyamaza muda wote. Uji ulipotokota akamiminiwa kikombe. Akaonja.

"Chumvi mmesahau," akasema.

Akaongeza mwenyewe, akanywa kikombe kizima, akarudi kulala hadi saa mbili. Tukutane Jumamosi ijayo, Mungu akipenda, na foleni zetu za mabasi.